Konokono Mwenye Podo

Shule niliiacha kwa sababu ya nyuki. Nasema wazi, maana wajukuu zangu wanafikiri niliiacha kwa umaskini, na mimi nimewaacha wafikiri hivyo miaka mingi kwa kuwa maneno ya umaskini watu huyasikiliza kwa huruma, lakini ya mdomo uliovimba wanacheka. Ilikuwa hivi. Baba alikuwa na mizinga ya magome huko porini kusini ya Tabora, na Jumapili moja, badala ya kwenda kanisani, nilimfuata kurina asali. Nyuki akaniuma hapa, juu ya mdomo, mahali ambapo sasa nina masharubu meupe. Jumatatu mwalimu wa misheni akanisimamisha niseme sala mbele ya darasa. Mdomo ulikuwa umejaa kama kiazi. Sala niliijua, lakini iliyotoka haikuwa sala. Darasa likacheka, mwalimu akadhani nafanyia mzaha mambo ya Mungu, akanichapa sita. Jumanne sikwenda. Jumatano sikwenda. Nilikuwa nimesoma miaka miwili na robo, na ile robo ndiyo iliyonifundisha kuandika, kwa hiyo atakayekuta makosa humu asinilaumu mimi, amlaumu nyuki.

Lakini sikutaka kusema habari za shule. Nilitaka kusema lililotokea Jumapili ile ile, baba alipokuwa ananitoa mwiba kwa ukucha. Alikuwa akinibembeleza, akaniambia nyuki akishakuuma naye hufa, maana ana mwiba mmoja tu na ameuacha kwako. Babu, yaani baba yake baba, alikuwa amekaa pembeni anasokota kamba. Akasema bila kuinua macho:

"Huyo ana mmoja. Mimi namjua mwenye podo zima."

Podo, kwa wasioijua, ni ule mfuko wa ngozi wa kutilia mishale.

"Nani huyo, babu?"

"Konokono."

Baba akageuza uso ili asionekane. Mama alicheka waziwazi. Mimi nilicheka mpaka mdomo ukaanza kuuma upya. Konokono wetu wa Unyamwezi anatoka wakati wa masika, anatambaa kwenye majani ya maboga, ukimgusa pembe anajificha, na kazi yake yote duniani ni kutoboa majani. Konokono mwenye mishale kwetu alikuwa kitu cha kuchekesha kuliko kuku mwenye pembe. Babu hakubishana na mtu. Aliendelea na kamba yake. Niliona mataya yake tu yakisogea.

Sikujua kwamba kicheko kile alikuwa amekisikia miaka zaidi ya thelathini, na kwamba kwake hakikuwa kicheko.

Sasa nieleze. Babu yangu alikuwa mpagazi. Vijana wa leo wakisikia neno hilo wanamfikiria kuli wa sokoni anayeitwa kwa mluzi. Hapana. Wakati wa misafara, kijana wa kwetu ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajawa mtu. Hata kuposa ilikuwa shida, wazee wa binti wangemuuliza ameona nini. Babu alikwenda pwani mara nne kwa miguu yake. Alitoka hapa na pembe ya ndovu begani, akapita pori la Mgunda Mkali kwenye kiu, akapita Ugogo kwenye kelele za mahongo, yaani ushuru wa kupita, akafika Bagamoyo, akageuka na majora ya nguo. Safari ya mwisho alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele na wengine wote wanafuata nyayo zake. Bega lake la kushoto lilikuwa na nundu ngumu kama goti. Nilipokuwa mdogo niliweka kichwa pale nikalala, na sijapata mto mwingine kama ule. Nikisema najivunia, sitii chumvi. Nimeona watu wenye vyeo wakishuka kwenye treni pale stesheni wakiwa wamechoka kwa kukaa.

Safari yake ya pili alikwenda na rafiki yake, kijana wa rika lake kutoka mji wa jirani. Walikuwa wamekula chungu kimoja njia nzima. Walipofika pwani wakatua mizigo, wakawa wanangoja msafara wa kurudi, na siku moja maji yakiwa yamekupwa wakaenda kutembea ufukweni. Kila mtu wa bara aliyefika kule alikuwa na hamu moja, kupata kibangwa.

Kibangwa ni kile kipande cheupe cha mviringo chenye mstari unaojizungusha katikati, kama ule ulio kwenye ncha ya kidole chako. Watemi wetu walikivaa kwenye paji la uso, na watu wengine walikivaa shingoni kwa ajili ya marehemu wao. Kinakatwa kwenye kitako cha gamba la konokono wa baharini. Lakini kwetu huku nani alijua hayo? Wengine walisema ni jiwe, wengine walisema ni kipande cha mwezi. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu kile kiliwahi kula chakula.

Rafiki yake babu akaliona gamba kubwa kwenye mchanga wenye maji, la rangi ya kahawia, lenye mistari iliyosukana kama wavu. Akalifunga kiunoni kwenye pindo la nguo yake. Wakaendelea kutembea. Baada ya kitambo akasema, "Kitu kimenichoma, kama mbigili." Akacheka. Halafu akasema midomo yake imelala usingizi. Halafu akamwangalia babu akamwambia, "Mbona mko wawili?" Miguu ikalegea. Babu akambeba kwenye bega lile lile la pembe mpaka kwenye vibanda vya watu. Chakula walichokiacha motoni kilikuwa hakijaiva, na yule kijana alikuwa ameshakata roho. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na uvimbe, wala damu. Mzee mmoja wa pale akaichukua ile nguo, akalisukuma gamba kwa kijiti, na babu akaona kwenye ncha yake nyembamba kikitoka kitu kama mkonga wa tembo, kidogo, chekundu, kikinusanusa. Mzee akalitupa baharini. Akasema, "Huyo anachoma," basi.

Babu alimzika mwenzake kule. Akarudi miezi mitatu na mizigo miwili, wake na wa marehemu, akimbebesha mtu huyu ule wa marehemu kipande hiki cha njia, na mwingine kipande kile, lakini yeye mwenyewe hakuuacha mbali na macho yake. Akafika kwa wazazi wa rafiki yake akawakabidhi nguo zote, haikukosekana hata shubiri. Wakamuuliza, "Amekufa kwa nini?"

Akasema, "Kwa konokono."

Hebu wewe unayesoma ujiweke mahali pao. Angesema homa, wangelia wakanyamaza. Angesema simba, angesema kiu ya Mgunda Mkali, wangemshukuru na kumchinjia mbuzi. Yeye akasema konokono. Wakamwangalia, mzima, ana afya, amebeba mali ya mtoto wao. Wakajua amemlisha kitu. Wakapiga ramli ya kuku, na matumbo ya kuku yakakataa kusema ndiyo, yakakataa kusema siyo. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita muuaji, na hakuna aliyesema kwamba si muuaji. Wakamfanyia jambo jingine. Wakampa kata yake.

Kwetu pombe ya mtama inanywewa kwa kata moja, kile kibuyu cha kuchotea, inayozunguka. Mwenyeji anaonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba chunguni hamna kitu, kisha kata inapita mdomo kwa mdomo. Ukinyimwa kata hiyo umeambiwa yote. Kata ya babu ilikuwa ya peke yake. Iliangikwa nje kwenye kigingi chini ya paa la nyumba ile, na kila mwaka familia ile ilipoita watu kulima kwa pamoja, jioni jua likiwa bado lipo, wote walizungushiwa kata moja, na babu alimiminiwa kwenye yake. Midomo mingine haikuigusa. Naye alikwenda kila mwaka. Bibi alimwambia asiende. Alimjibu, "Nisipokwenda watasema naogopa." Alilima mstari wake mpaka mwisho, akanywa peke yake, akaiangika kata mwenyewe, akarudi nyumbani. Kitu kimoja tu alikitaka kabla hajafa, anywe kwenye kata ya wote katika nyumba ile. Hakuwahi kukisema, lakini sisi wa nyumbani tulikijua kama tunavyojua njia ya kisimani.

Nilipokuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nilihamia Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, nikajifunza kukata vibangwa. Wakati huo wa Mwingereza watemi walikuwa bado wapo, na wagonjwa walioagizwa kibangwa na ramli walikuwa hawaishi. Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, ingawa napenda kuieleza kwa kirefu. Unakata kitako cha gamba kwa msumeno mwembamba, taratibu, ukiwa unamwagia maji. Unakisugua kwenye jiwe siku mbili, unakizungusha, usikaze mkono. Unakitoboa kwa keke, ile ya kuzungusha kwa uta, na hapo ndipo wengi wanakivunja. Mimi nilivunja kumi na moja kabla ya kufaulu kimoja, na tangu hapo sikuvunja tena, waulize watu wa Ng'ambo kama wamebaki. Madukani palikuwa na vibangwa vya uongo kutoka Ulaya, vya kigae kama kikombe cha chai. Watu waliniletea niwapimie. Nilivikamulia ndimu. Cha kweli kinatoa povu, kinalia kidogo ukikisogeza sikioni. Cha uongo kinakaa kimya. Sikuwahi kukosea hata mara moja, nalo hilo nalisema nikiwa nimekaa wima.

Ila niseme na aibu yangu. Nilikuwa nakata magamba ya konokono kila siku ya Mungu, na bado sikumwamini babu. Yalinifikia matupu, meupe, yamesafishwa kwa mchanga. Hakuna hata moja lililokuja na mwenyewe ndani. Nilimpenda, nilimheshimu, lakini nilipokaa na fundi saa, jirani yangu wa baraza, nilimsimulia habari ya mishale ya konokono na tukacheka wote wawili.

Siku moja alikuja mteja ambaye sikumtegemea, mdogo wake yule marehemu. Naye alikuwa mzee sasa, mkuu wa nyumba ile yenye kigingi. Alisimama nje ya baraza, hakupanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayekata vibangwa?"

Alinijua tangu nimefungwa mgongoni. "Ndiye mimi," nikasema.

"Nataka kimoja. Kisiwe cha dukani."

"Cha nani, mzee?"

Akaangalia barabarani. "Cha kaka. Yule wa pwani. Mjukuu wangu anaumwa kila mwezi, na ramli inasema kaka hajapewa kitu chake."

Mke wangu akatoka na maji, kama anavyofanya kwa kila mtu anayetoka mbali. Mzee akalitazama lile bakuli. "Nimekunywa huko nyuma," akasema. Kutoka kwao mpaka Ng'ambo kuna kisima kimoja tu, na kilikuwa kimekauka tangu Agosti. Mke wangu akarudi ndani na maji yake. Mimi nikamwambia, "Njoo baada ya wiki mbili."

Nilikuwa sina gamba hata moja. Aliyekuwa akiniletea ni mtani wangu, Mzaramo, aliyechochea moto kwenye treni. Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu wakati wa misafara, kwa hiyo anaweza kunitukana atakavyo na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nikamhimiza, nikamwambia safari hii nina haraka. Ndugu zake kule huwa wanawafukia konokono mchangani wiki kadhaa, wadudu wanakula nyama, gamba linabaki safi. Kwa haraka yangu hawakufukia. Waliwatia guniani hivyo hivyo.

Gunia lilipofika Ng'ambo lilitangulia kunuka kabla halijaonekana. Fundi saa akaja ameziba pua kwa shati. "Jirani, saa zangu mbili zimesimama kwa harufu."

"Mtani, umeniletea maiti," nikamwambia yule Mzaramo.

"Babu zako walibeba ngozi mbichi mpaka kwetu, hatukusema neno. Leo konokono watatu wanakutoa machozi." Akakaa kwenye ngazi kupumzika, uso mweusi kwa masizi, anafurahi.

Nikaanza kuchambua. Mazito yenye kitako kinene upande huu, mepesi yasiyofaa upande ule wa kutupa. Ndipo babu akatokea kona ya barabara. Alikuwa akija mjini Jumamosi kununua ugoro wake, fimbo mkononi, mgongo umenyooka. Alisimama mbali kidogo. Akavuta pumzi.

"Bagamoyo," akasema.

Akasogea mpaka kwenye lundo. Akawa anageuza kwa ncha ya fimbo, moja moja, mpaka kwenye yale ya kutupa. Hapo nilikuwa nimeshika gamba moja jepesi, jembamba kama ganda la yai, la kahawia, lenye mistari kama wavu. Babu akanipiga fimbo kwenye kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kunipiga maishani.

"Weka chini."

"Babu, limeshakufa hili. Husikii harufu yake?"

"Hata yeye alidhani limekufa."

Nikaliweka chini. Mtani akainua kichwa. "Mzee anamjua huyo?"

"Namjua."

"Basi mzee ametembea. Kule kwetu mtoto akianza kusimama tu anaambiwa, huyu usimwokote. Anakaa mchangani, samaki akipita anamtupia mshale anammeza mzima. Na mtu akichomwa, kwanza anacheka, halafu midomo inakufa ganzi, halafu anakuona wawili, halafu unatafuta sanda." Akageuka kwangu, utani ukamrudia. "Lakini chakula chake hasa ni Wanyamwezi. Wanatoka huko bara, wanaona kitu kizuri, wanakifunga kiunoni. Bibi yangu alikuwa anasema, ukiona Mnyamwezi ufukweni anacheka peke yake, kachimbe."

Babu alikuwa amesimama kama kigogo. "Sema tena."

"Mzee, nakutania tu."

"Usinitanie. Sema tena. Anaona nini?"

Mtani akaacha kucheka. "Anakuona wawili, mzee. Wote huona wawili."

Babu akakaa chini kwenye ngazi, karibu yake. Kisha akaniambia nilete koleo.

Alinisimamia kama fundi anavyomsimamia mwanafunzi. Usiguse kwa kidole. Vuta taratibu. Sasa pasua hapo. Nyama ilikuwa imeoza, ikatoka yote, na karibu na mdomo wake palikuwa na kifuko kidogo cheupe, si kirefu kuliko ukucha. Nikakipasua kwa ncha ya kisu juu ya kipande cha kaniki. Vikamwagika vijiti vyembamba, vya kung'aa kama kioo, kila kimoja kifupi kama ncha ya suke la mtama. Nilihesabu mpaka kumi na nane nikaacha. Fundi saa akasahau harufu. Akachukua kile kioo chake cha jichoni cha kutazamia mashine za saa, akainama.

Akasema akiwa bado ameinama, "Chuma hiki kakifua nani?"

Akanipa kioo. Nikaona mshale. Una ncha, una kijino kimeelekea nyuma ili ukiingia usitoke, na una tundu katikati kama mrija. Nimeshika keke maisha yangu yote, na hakuna mkono wa mtu ninaoujua unaoweza kutoboa tundu lile. Nikakumbuka mdomo wangu uliovimba.

"Babu, nilicheka," nikasema.

"Ulikuwa mtoto."

"Na juzi nilicheka. Mimi na huyu fundi."

Akanitazama mpaka nikashusha macho. "Hiyo ya juzi," akasema, "ilipe. Kata kibangwa kizuri."

Nilimwambia ni cha nani. Hakushtuka. Aliuliza tu mwenyewe atakuja lini. Akasema, "Usikivunje. Huyo alikifuata mbali."

Sijawahi kukata kingine kama kile. Kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto, na mstari wake ulijizungusha mara tisa bila kukatika. Siku ile ilipofika, babu alikuwa barazani tangu asubuhi, amevaa kanzu. Mtani naye alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo, amejiosha masizi yote, sikumtambua mara moja. Yule mzee akatokea barabarani, akamwona babu, akasimama.

Mimi nikatandika kaniki kwenye kigoda na ile mishale juu yake, na lile gamba jembamba pembeni. Fundi saa akampa mzee kioo. "Weka jichoni. Kunja uso hivi, kitashika chenyewe."

Mzee akapanda barazani kwa mara ya kwanza. Akainama. Alipoinuka akasema, "Ni miiba ya samaki."

"Miiba ya samaki ina tundu?" fundi saa akauliza. "Tazama tena."

Akatazama tena. Safari hii alikawia. Kisha akamgeukia mtani, maana alisikia kwenye matamshi yake kwamba ni mtu wa pwani. "Huyu anachoma mtu wapi?"

"Popote atakapowekwa, mzee. Akiwekwa mkononi, mkononi. Akifungwa kiunoni, kiunoni."

"Halafu mtu anakuwaje?"

Mtani akamweleza. Midomo. Macho. Miguu. Hakutania hata neno moja. Alipofika kwenye kuona watu wawili wawili, yule mzee akaondoa kioo jichoni, akamtazama babu.

"Ulisema kiunoni," akamwambia.

"Nilisema."

"Ulisema alikuuliza mbona mko wawili. Mama alisema hayo ni maneno ya mtu anayetunga."

"Alisema."

Jicho la mzee lilikuwa linatoa maji. Kile kioo kinabana, hasa kwa asiyekizoea, kwa hiyo sitaki kusema zaidi ya nilichokiona. Nikampa kibangwa. Akakigeuza, akafuata mstari wake kwa kidole mpaka katikati. Akakifunga kwenye leso. Kisha akasema kuelekea mlangoni, kwa sauti ya kawaida, "Mama, nina kiu."

Mke wangu akatoa maji. Akayanywa yote, akageuza bakuli kuonyesha kwamba yamekwisha. Akaenda zake. Neno la samahani halikutoka, na babu hakulingoja.

Baada ya mavuno alikuja mtu kutoka kwao, akasema babu anaitwa kwenye pombe. Haikuwa siku ya kulima. Alikuwa anaitwa kunywa tu. Babu akavaa kanzu ile ile akaniambia nimsindikize. Njia nzima alitangulia yeye mbele, na mimi nyuma, na nilikuwa kijana lakini nilihema.

Walikuwa wametandika ngozi ya ng'ombe uani. Chungu kilikuwa katikati. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wazee wote wa mji ule, na wale ambao walimwona babu akinywa peke yake tangu walipokuwa watoto. Mjukuu wa nyumba ile alikuwa amevaa kile kibangwa shingoni, na nilitaka mtu aulize kimekatwa na nani, lakini hakuna aliyeuliza. Yule mzee akachota kwa kata moja. Akaonja kwanza. Akampa babu kwa mikono miwili.

Babu akaipokea. Akanywa bila kupumua mpaka ikawa tupu, akafuta mdomo kwa kiganja, akairudisha. Ikachotwa tena, ikapita kwa aliye karibu naye, ikapita kwa mwingine, ikafika kwangu. Nilikunywa kwa adabu, lakini ndani yangu nilikuwa natembea na bendera.

Yule mzee akasema, "Miaka yote hii ulikuja kutulimia."

"Nilikuja."

"Kwa nini, na sisi tulikuwa tunakufanyia vile?"

"Rafiki yangu alikuwa na shamba hapa," babu akasema.

Mzee akainamisha kichwa, akaanza kusema maneno marefu, ya mbuzi, ya jembe, ya wazee kukaa na kuondoa kinyongo. Babu alimsikiliza nusu. Akainuka, akashika fimbo. Akaenda mpaka ukutani, chini ya paa, akaishusha kata yake kwenye kigingi. Ilikuwa imegeuka nyeusi kwa mikono yake mwenyewe. Akaipuliza vumbi, akaipachika kwapani.

Tulidhani amekwenda haja. Mzee aliacha maneno yake katikati ili amngoje, na kata ya wote ikasimama mkononi mwa mtu. Mimi ndiye niliyeona kupitia upenyo wa ua. Alikuwa ameshafika njia kubwa, ile ile ya misafara, anakwenda mwendo wa kirangozi, bega la kushoto juu kidogo, hakutazama nyuma. Aliishi miaka mingine saba, na katika nyumba ile hakurudi tena.